Miaka Ishirini na Minane Wima, Miaka Sita Akiinama

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika hospitali yetu, fundi mkuu wa karakana ya vifaa vya mifupa, ambaye sote tunamwita Mzee Nondo, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Saa tisa na nusu alasiri ataufunga ule mlango wa kijani ulio nyuma ya jengo la mifupa, atamkabidhi funguo binti fundi anayeshika nafasi yake, na kama tunavyomjua, atautikisa mlango mara mbili kuhakikisha umefungika.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, wa chumba cha kufulia nguo, niandike wasifu huu. Nilisema wapo makarani wenye mwandiko na wenye vyeti. Matroni akanijibu kwamba makarani wanalijua faili lake, ila mimi nazijua bawaba zake. Basi nimeandika. Nilipokosea mtanisamehe. Nilipozidisha sifa msinisamehe, kwa sababu sijazidisha.

Nondo si jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wapishi mwaka wake wa kwanza kazini, walipomwona akipita dirishani kwao kila asubuhi, mrefu, mwembamba, amenyooka kama chuma kilichotoka dukani. Wakati huo alikuwa fundi wa vitanda na makufuli. Mwaka wa pili akahamishiwa karakana, na mwaka wa tatu, akiwa ameazimwa kwenda kuziba mfereji wa paa la wodi ya wazazi, ngazi ikateleza akaanguka. Alipona, lakini mgongo ukabaki kama ubao. Tangu siku hiyo jina likamkaa sawasawa, kama viatu vya kupimwa.

Wenzake wa zamani wanasema kwa miaka mingi hakuna aliyemwona akiinama kuokota kitu. Nati ikianguka, alichukua mti wa ufagio aliofunga kipande cha sumaku nchani, akaivua nati sakafuni kama mtu mwenye ndoana. Kikianguka kitambaa, ambacho sumaku haikijui, alisubiri mtu apite. Wapishi wakawa wanataniana: aliye juu mngoje chini, lakini huyu utamngoja mpaka uote mvi.

Na si mgongo tu uliokuwa haukunjiki. Mlangoni kwake palikuwa na kibao: KAZI HAIINGII BILA KARATASI. Siku moja daktari mkuu wa miaka hiyo alikuja mwenyewe, amekumbatia kiti chake cha ofisini kilicholegea skrubu. Skrubu moja, jamani. Mzee Nondo akamwuliza karatasi iko wapi. Daktari akasema karatasi hizo huwa anazisaini yeye. Mzee akasema, basi itakuwa rahisi. Daktari akapanda ngazi hadi ofisini, akajiandikia karatasi, akajigongea mhuri, akashuka nayo. Skrubu ikakazwa kwa nusu dakika. Wapo wanaosimulia kwamba daktari aliondoka akicheka. Wengine wanasema hakucheka mpaka mwezi uliofuata.

Lakini ugumu wake ulituokoa pia, na haki yake tumpe. Mwaka ule yalipoletwa magongo mapya mia mbili ya mbao, yanang'aa, yananukia rangi, yeye aliyakataa yote. Mkuu wa stoo akambembeleza, "Yapokee tu, mzee, yaliyo mabovu tutayabana kwa waya." Mzee Nondo akachukua gongo moja, akaliegemeza ukutani, akalikanyaga kwa mguu mmoja. Likapasuka urefu wake wote. Akamtazama mkuu wa stoo, kisha akatazama dirishani, ambako wagonjwa walikuwa wamepanga foleni. Magongo yalirudishwa alasiri ileile.

Nimetanguliza hayo ili aliyeajiriwa juzi, anayemwona Mzee Nondo akipiga magoti kumfunga mtoto kamba za viatu, asidhani alizaliwa hivyo.

Miaka sita iliyopita nilijifungua binti hapahapa, ghorofa ya kwanza, hatua chache kutoka kwenye mashine ninazofulia. Nyayo zake zote mbili zilikuwa zimegeukia ndani, zinatazamana kama watu wawili wanaonong'onezana. Nililia. Daktari wa mifupa akaushika mguu mmoja kwa vidole viwili, akausogeza kidogo, ukasogea. Akaniambia nisilie, mguu wa mtoto mchanga ni laini, ukiuomba taratibu unasikia. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na huyu tumemuwahi.

Na kweli. Kila wiki alimnyoosha kidogo, akamfunga plasta nyeupe ngumu kuanzia vidoleni hadi mapajani, wiki iliyofuata akaitoa, akanyoosha tena, akafunga nyingine. Mara saba. Akamchanja kidogo kano ya kisigino ili kisigino kishuke. Plasta ya mwisho ilipotoka, nyayo za binti yangu zilikuwa zinatazama mbele. Nilizibusu kidole kwa kidole.

Ndipo nikatumwa kwenye mlango wa kijani kuchukua viatu vya ufito. Hivi ni viatu viwili vidogo vya ngozi vilivyofungwa kwenye ufito mmoja wa chuma, vikiangalia nje, kimoja huku kingine kule. Mtoto huvaa miezi mitatu bila kuvua isipokuwa wakati wa kuoga, na baada ya hapo kila anapolala, mpaka atimize miaka minne. Daktari alinishika bega. "Mama, plasta ilikuwa kazi yangu. Ufito ni kazi yako. Ukiuacha, nyayo zitakumbuka zilikotoka."

Maneno hayo niliyaweka moyoni, na bado nikashindwa. Naandika hili waziwazi kwa sababu najua wapo kina mama watakaokaa kwenye viti vya sherehe wakiwa wameshindwa vilevile, na hawajamwambia mtu. Mtoto alilia kila nilipomvisha. Jirani aligonga ukuta. Mama mkwe wangu, ambaye moyo wake ni mwema kuliko wangu, alimwangalia mjukuu wake akaniuliza, "Huyu kafanya kosa gani mpaka afungwe pingu?" Nikaanza kuvua saa moja, apumzike. Saa moja ikawa mbili. Mwisho vile viatu vikawa vinalala sandukuni, mtoto analala bila viatu, na mimi nikawa namvisha tu asubuhi ya kliniki.

Alipofikisha miezi saba vikawa vidogo, ikabidi nivirudishe karakana kubadilishiwa. Nikavitazama: vipya kabisa. Nilijua Mzee Nondo ataviona. Sasa, mimi ni mtu wa kufua, nikawaza kama mtu wa kufua. Nguo iliyofuliwa sana huonekana imevaliwa sana. Nikavitumbukiza kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, nikavisugua kwa brashi ya kola, nikavianika juani siku mbili, nikarudia. Vikachakaa vizuri. Nikajipongeza.

Mzee Nondo alivinusa kwanza. Kisha akaingiza kidole ndani, akakipitisha kisiginoni. Ngozi iliyovaliwa na mtoto, nilikuja kujua baadaye, huwa laini na nyeusi pale kisigino kinapotoa jasho, na mkanda huwa na mkunjo mahali unapofungwa kila siku. Vyangu vilikuwa vikavu kama maganda ya machungwa, na mikanda imenyooka kama siku ilipokatwa. Akaviweka mezani, akasema maneno manne. "Hivi vimefuliwa, mwanangu, havijavaliwa."

Nilikuwa nimejiandaa na uongo wa kwanza na wa pili, ila lile neno mwanangu lilinimaliza. Nikaeleza yote, na kilio juu. Msidhani alilegea. Alisema amewaona kina mama wengi wakikata tamaa kabla mtoto hajakata, na amewaona watoto hao wakirudi baada ya miaka mitano wakitembea kwa ubavu wa mguu. Akanipa viatu vikubwa zaidi, akaandika kwenye daftari lake, akaniambia mlango uko pale. Niliondoka na hasira, na aibu chini ya hasira.

Kesho yake daktari alipima. Mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kurudi. Zilihitajika plasta mbili mpya, wiki mbili nyingine, na baada ya hapo ufito tena. Safari hii, alisema, tusipoushika, tutafika kwenye kisu kikubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimekaa kwenye benchi la kliniki, mtoto mapajani, na sikujua nitamvishaje kitu ambacho nilikwisha kushindwa kumvisha.

Wiki ya tatu, saa nne, wakati wa chai, mlango wa chumba cha kufulia ulifunguka akaingia Mzee Nondo. Mashine karibu zisimame zenyewe. Alikuwa hajawahi kuingia kwetu, wala hakutoka karakana bila sababu. Mkononi alikuwa na karatasi. Alikuwa amejiandikia ruhusa, amejigongea mhuri: Kuangalia kifaa kikiwa kazini.

Binti yangu alikuwa kwenye kapu la shuka kavu, na mkubwa wetu wa kufulia alikuwa ameruhusu jambo hilo kwa njia ya kutoliona. Amevishwa viatu vipya, amechukia. Mzee akasimama kando ya kapu, mikono nyuma. Mtoto akarusha mguu wa kulia, ufito ukauvuta wa kushoto. Akarusha wa kushoto, ufito ukauvuta wa kulia. Akajaribu tena, akachoka, akalia. Mzee akaangalia mara ya kwanza, ya tano, ya ishirini. Chai yangu ikapoa. Mwisho akasema kama mtu anayesoma kipimo, "Anataka kurusha mmoja mmoja." Akatoka.

Yaliyofuata niliyapata kwa mfagizi wa jengo la mifupa, na mzee mwenyewe hajayakana mpaka leo.

Mchana wa siku ileile, Mzee Nondo alikata ufito wa upana wa mabega yake, akaufunga kwa nati kwenye viatu vyake mwenyewe, nyayo zikiangalia nje kwa kipimo kilekile cha watoto. Akajilaza kwenye benchi la kazi ajaribu usingizi. Alipotaka kujigeuza ubavu, miguu haikumfuata mmoja mmoja, ilimfuata yote kwa mpigo, na benchi ni jembamba. Akatua chini chali. Kujifungua nati kulihitaji kuzifikia nyayo, na kuzifikia nyayo kulihitaji mgongo unaokunjika. Spana ilikuwa mezani. Sumaku ilikuwa imetundikwa ukutani. Alilala pale tangu saa saba hadi saa nane kasorobo, akitazama dari, na anasema ndipo alipogundua dari hilo linahitaji rangi.

Mfagizi alipofungua mlango alidhani mzee ametutoka. Kisha akasikia sauti ya kistaarabu kutoka chini ya benchi. "Tafadhali, niitie mtu mwenye mgongo."

Akaja dada wa mazoezi ya viungo. Huyu dada alikuwa amembembeleza kwa miaka kumi na miwili aje anyooshwe mgongo, na kwa miaka kumi na miwili alijibiwa kwamba chuma hakifanyi mazoezi. Akaichukua spana mezani. Akavuta kigoda, akaketi karibu na kichwa cha mzee, akatoa karanga mfukoni, akaanza kula moja moja. Alisema atafungua nati punde tu atakaposikia siku na saa ya zoezi la kwanza. Mfagizi anaapa zililiwa karanga kumi na moja. Ilipofika ya kumi na mbili, Mzee Nondo akasema, "Jumatatu, saa mbili."

Alipoinuliwa, hakufuta vumbi wala hakuona haya. Alisema neno ambalo lilizunguka hospitali nzima kabla ya jua kuzama. "Nimevitengeneza miaka ishirini na sita, na sijavivaa hata dakika moja."

Wiki ile mlango wa kijani haukufungwa saa tisa na nusu. Kwenye wodi ya watoto palikuwa na kabati bovu la dawa. Mzee akaling'oa bawaba zake, akaukata ufito katikati, akauunga kwa bawaba. Miguu ya mtoto ikaweza kwenda mmoja mmoja. Tukashangilia mapema. Daktari wa mifupa alikishika kile kifaa, akageuza kiatu kidogo tu, kiatu kikaangalia ndani. Akakirudisha. Bawaba iliyoachia kila kitu, alisema, ni sawa na kutovaa chochote.

Cha pili kilishika vizuri lakini kikawa kinang'ata shuka, na mimi ndiye nilizihesabu zilizochanika. Tatu. Cha tatu nati zake zililegea kwa mateke. Katika siku hizo nilikuwa namvisha binti yangu ule ufito mgumu wa zamani, analia, nalia naye, lakini simvui. Mtu mzima alikuwa ameanguka kutoka kwenye benchi kwa ajili ya mtoto wangu. Ningemvuaje?

Cha nne kilikuwa na bawaba mbili, moja kila upande, chini ya kila kiatu. Kila mguu ukapanda na kushuka kwa ridhaa yake, ukajikunja gotini, ukapiga teke. Lakini pembe ya kiatu kuangalia nje ilikuwa imekazwa kwa kipande cha chuma kisicho na mzaha. Mzee alikiweka mbele ya daktari, akaeleza kwa kidole. "Hapa hapana mjadala. Hapa, na hapa, acha acheze." Daktari akajaribu kukipotosha kwa mikono miwili, kikakataa. Akajaribu kukirusha, kikaruka. Akampima binti yangu kila wiki kwa wiki sita kabla hajakubali kingine kitengenezwe.

Nilikuwa nadhani mtu ama ni mgumu ama ni laini, ndivyo alivyoumbwa. Siku ile nilielewa kwamba kazi yote ni kujua pa kukaza na pa kulegeza. Mzee Nondo alikuwa na vyote viwili tangu zamani, ila alikuwa amekaza kila nati.

Jina la kifaa alilitoa mama mkwe. Alimwona mjukuu wake amelala chali, anarusha mguu huu, anarusha ule, bawaba zinalia kiri, kiri, akacheka mpaka akakaa chini. "Amekuwa panzi!" Tangu hapo kinaitwa panzi, hata kwenye karatasi za daktari. Na yule aliyeuliza habari za pingu akageuka mlinzi. Nikichelewa kidogo tu kumvisha mtoto, nasikia kutoka chumba cha pili, "Nani kamvua mtoto panzi wake?"

Binti yangu alitembea akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, kwenye ushoroba wa saruji mbele ya karakana. Mzee Nondo alikuwa ndani, mgongo umeelekea mlangoni, anapiga msasa. Aliacha kupiga. Hakugeuka, alisikiliza. Mtoto anayekanyaga kwa kisigino kwanza ana mlio wake, na anayekanyaga kwa ubavu wa mguu ana wake. Hatua nne, kisha kishindo cha makalio. Ndipo akageuka na kusema, "Kisigino." Neno moja. Nimelitunza kuliko cheti.

Kutoka hapo mambo yalifunguka. Wakaja kina mama wengine, wengine kutoka mbali, wakiulizia panzi getini kana kwamba ni dawa. Mpaka wiki iliyopita amewatengenezea watoto mia moja na kumi na watatu. Waliolazimika kurudi kwenye plasta ni wanne, na hao wanne anawajua kwa majina, kwa ukubwa wa viatu na kwa jina la bibi wa kila mmoja. Daktari mgeni aliyepita mwaka juzi alimwambia kwamba ng'ambo nako wapo watu waliowaza jambo kama hilo. Tulidhani atahuzunika. Alifurahi siku nzima. "Basi hatukukosea," alisema.

Siku za Alhamisi alianza kuacha mlango wazi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa ajili ya kina mama wanaotoka kazini wamechelewa. Kibao cha mlangoni hakukitoa, maana Nondo ni Nondo. Alikiongezea mstari mmoja kwa rangi nyeupe, na sasa kinasomeka: KAZI HAIINGII BILA KARATASI. KARATASI ZIPO NDANI, KARIBU. Na kila mtoto anayepewa panzi wa kwanza, mama yake hupewa pia ufito wa watu wazima ajaribu mwenyewe kwa dakika tano. Chini pametandikwa godoro. Funzo la benchi halikupotea.

Alipoletewa binti fundi wa kumrithi, ilionekana siku ya kwanza kwamba binti huyo anatumia mkono wa kushoto. Karakana ile kila chombo kilikuwa na kivuli chake kimechorwa ukutani kwa rangi, nyundo kwenye umbo la nyundo, msumeno kwenye umbo la msumeno, vyote upande wa kulia, tangu miaka thelathini. Jumatatu binti aliondoka akiwa ameng'ata midomo. Jumanne alikuta ukuta mzima umepakwa chokaa na vivuli vyote vimechorwa upya kushoto. Mwezi mzima Mzee Nondo alikuwa ananyoosha mkono kulia na kushika hewa. Hakulalamika. Alisema anayebaki ndiye mwenye ukuta.

Na mgongo? Dada wa mazoezi hakumsamehe hata Jumatatu moja. Mwaka wa kwanza aligusa magoti. Mwaka wa tatu alifika katikati ya muundi, akatangaza kwamba hapo panatosha, akaambiwa hapatoshi. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema wahenga. Huyu tulimkunja akiwa mkavu kabisa, tena wa nondo, na mwaka jana, Jumatatu moja asubuhi mbele ya mashahidi tisa, alizishika kamba za viatu vyake mwenyewe. Wapishi waligonga masufuria. Ule mti wenye sumaku sasa hutumika kufungulia dirisha la juu.

Asije mtu akadhani amekuwa uji. Mwezi uliopita lilikuja boksi la bawaba mpya, nyepesi, za kupendeza. Alichukua moja, akaikunja na kuikunjua kwa dakika ishirini huku akimsikiliza binti fundi akisoma ripoti. Dakika ya ishirini na moja ikakatika. Boksi lilirudi lilikotoka, na safari hii mkuu wa stoo hakubembeleza, alibeba mwenyewe.

Mkewe, ambaye ni mshonaji, alituma salamu tuziweke humu. Anaishukuru hospitali kwa kuwa ilimchukua mume asiyeweza kuokota soksi zake, na sasa inamrudishia anayeweza. Anasema hata zikianguka kwa makusudi, ataangalia tu.

Wiki mbili zilizopita daktari wa mifupa alimpima binti yangu kwa mara ya mwisho. Ana miaka sita. Alimwambia atembee, akatembea. Akamwambia akimbie, akakimbia mpaka dirisha la dawa, ikabidi aitwe arudi. Akamwambia achuchumae visigino vikiwa chini, akachuchumaa. Daktari akaandika kwenye faili: Kufungwa. Nilishtuka, nikadhani ni binti yangu. Akanionyesha, ni faili ndilo lililofungwa.

Mzee, kwa niaba ya wote wanaosoma karatasi hii, wa jikoni, wa kufulia, wa wodini, wa stoo, na wale mia moja na kumi na watatu ambao wengi hawajajua kusoma, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa pale ulipokaza na kwa pale ulipolegeza. Nenda nyumbani ukaishi vizuri na kwa muda mrefu, mgongo mwepesi, usingizi usio na ufito, na benchi pana.

Jambo moja la mwisho, ili lisikushtue siku yenyewe. Kamati imemchagua binti yangu akuvishe shada lako. Amekuwa akifanya mazoezi nyumbani kwa kuuvisha mlango. Najua utakapomwona anakuja na mikono yake mifupi, utataka kumrahisishia. Usiiname, mzee wangu. Umeinama vya kutosha. Simama wima kama siku zile wapishi walipokuona dirishani, na umwache yeye anyanyuke juu ya ncha za vidole vyake, visigino vyote viwili hewani, akufikie.